Benita Yuko Kilwa

Jumanne, 9 Januari 2024

Darasa jipya limeanza. Chumba cha nyuma cha ajansi ya safari ya Ruphin, katikati ya Lubumbashi. Ukutani picha ya ndege kubwa, chini yake viti vya plastiki. Wanafunzi wote ni watu wazima, wengine wana watoto. Kazi yangu ni kuwageuza wawe watalii.

Niandike hapa, maana pengine popote siwezi kusema. Ruphin anawapeleka watu Mexico kwa visa ya utalii. Visa anaitafuta mwenyewe, sijui wapi. Lakini ukitua kule, askari wa mpaka anakuuliza: umekuja kufanya nini? Utalala wapi? Utatembelea nini? Ukibabaika unarudishwa. Kwa hiyo mtu wa mtaa wa Ruashi ambaye hajavuka mji wa Likasi lazima aongee kama mtu aliyetamani maisha yake yote kuona magofu ya Wamaya. Akishaingia, anapanda kaskazini kuelekea Amerika kwa njia za kificho. Hilo si somo langu. Ruphin amenikataza hata kuuliza.

Vitabu sina. Nasoma kwenye simu blogu za vijana wa kizungu wenye mabegi mgongoni, wanaojisifu kwamba wamezunguka nchi nzima kwa bei ya karanga. Bweni gani lina kitanda cha bei rahisi. Basi dogo gani linafika magofuni. Mama gani pembeni ya soko anauza tamale tamu, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Halafu mimi, Hortense, mwalimu wa histoire ambaye safari yake ya mbali ni Kolwezi, nasimama mbele ya watu na kueleza ladha ya tamale.

Shuleni watoto hupiga miayo nikianza tu kuandika tarehe ubaoni. Hawa wanaandika mpaka kikohozi changu. Ni aibu kusema, lakini leo nimefurahi.

Na nani ameketi mbele kabisa? Benita, binti wa Jeanne, jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja. Niliwahi kumfundisha alipokuwa msichana wa sketi ya bluu. Tulipoonana tulitoa macho wote wawili.

Ijumaa, 12 Januari

Tulumu — sio Tulumu, Tulum! Nimerudia mpaka koo limekauka. Kijana mmoja anasema Wamaya walijengewa piramidi na Wamisri. Nimemwambia askari atakurudisha kwa sababu hiyo tu, na mimi nitampigia makofi.

Benita ndiye bora. Anajua uwanja wa mchezo wa mpira, anajua visima vya mawe ya chokaa walimotupa sadaka, anajua chakula. Anajua hata kulalamika kama mtalii: jua kali, watu wengi, hoteli ina mbu.

Baada ya somo alinifuata mpaka kituo cha basi.

"Madame, mama hapashwe kujua."

Amemwambia mama yake anakwenda Kilwa, kwenye ziwa Mweru, kununua samaki wakavu na kuja kuwauza hapa. Amechagua vizuri. Kilwa ni mbali, barabara ni matope mwezi huu wote, réseau ya simu ni ya kubahatisha. Mtu akinyamaza huko hakuna anayeshtuka. Nikamwambia mwambie mama yako ukweli, ni mama yako. Alinitazama kama nimemtukana.

"Safari ya vile inasemwaka, Madame? Mama atasema kwa mujomba Stanislas, mujomba atasema kule ku kanisa, bantu bataanza kuwaza mambo yabo, na safari itakufa. Nikisha kufika, nitamupigia miye mwenyewe."

Nani katika mji huu anatangaza safari kabla ya kufika? Marehemu mume wangu alikwenda Kinshasa kwa matibabu, na mimi mkewe nilijua alipokwisha kutua. Siamini mambo ya jicho baya. Nimesoma. Lakini ningekuwa mimi, nami nisingesema.

Nimemwapia kwamba nitafunga mdomo.

Jumapili, 21 Januari

Ameondoka.

Asubuhi nilikuwa uani kwa Jeanne. Begi limefungwa, ndani kitenge kipya cha kijani chenye ndege. Jeanne alinunua pande moja sokoni wakagawana, nusu yake, nusu ya binti. Akamwekea mkono kichwani na kumwomba Mungu amlinde juu ya maji ya Mweru, kwa sababu mtoto wake hajui kuogelea. Benita alilia. Jeanne alifikiri analia kwa upendo tu.

Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwangu kwa nyuma. Alibadilisha nguo chumbani. Suruali ya jean, kofia, mfuko mdogo wa mgongoni. Mtalii kamili. Begi la Kilwa akalisukuma chini ya kitanda changu. Gari la Ruphin lilimngoja barabara ya pili.

Saa moja baadaye Jeanne akaja kunywa chai kwangu. Ana furaha. Anasema mtoto sasa ameanza kufikiri kama mtu mzima, samaki wa Kilwa wana soko. Miguu yake imevimba tena, anaiweka juu ya kiti. Tulikunywa chai.

Alhamisi, 25 Januari

Amepita! Ujumbe wa sauti umeingia nikiwa darasani, nikatoka nje kusikiliza chooni.

Askari alimuuliza atatembelea nini. Benita akaanza na Chichén Itzá, akaenda Tulum, akaenda Cobá, akaeleza uwanja wa mpira. Askari alichoka naye. "Madame, alipiga cachet ku pasipoti juu ya kuninyamazisha."

Nimecheza peke yangu jikoni kama kichaa.

Jumamosi, 27 Januari

Ruphin anawataka wawe watalii kweli siku za mwanzo. Wapande gari na kundi la bei rahisi, wapige picha, walale bwenini na wazungu. Kama kuna anayewachunguza, aone utalii mtupu.

Basi Benita ameiona Chichén Itzá. Mimi niliyemfundisha sijaiona. Sitaficha, nimemwonea wivu mpaka nikaacha kula. Amenitumia picha amesimama mbele ya piramidi kama anangoja basi.

Chakula ameeleza kirefu. Bukari yao, yaani ugali, ni ya mahindi lakini wanaitandaza nyembamba na kuichoma, halafu wanafungia nyama ndani. Nguruwe amepikwa na machungwa ndani ya majani ya migomba. Pilipili inamtoa machozi. Anasema angekuwa na sombe, majani ya muhogo, kidogo tu pembeni, angehamia huko moja kwa moja. Kuhusu magofu alisema hivi:

"Ni mawe, Madame. Lakini wakati nilikamata lile jiwe na mukono, nilijisikia vibaya. Bantu bale bote, na hakuna hata mumoja mwenye tunajua jina yake."

Katika mitihani yote niliyosahihisha sijapata sentensi kama hiyo.

Jeanne aliniuliza kutoka upande wake wa ukuta kama nadhani Benita ameshafika Kilwa. Nikasema barabara ni mbaya, lakini atakuwa amefika.

Jumanne, 30 Januari

Tulum. Magofu juu ya mwamba, chini pwani. Maji yana rangi ya malachite, lile jiwe la kijani wanalochonga wauza vinyago mjini. Wazungu wamelala mchangani nusu uchi. Benita amesimama na viatu vyake, mbali na maji. Kwenye picha hacheki.

Aliuliza: Wamaya walikwenda wapi? Nikamjibu hawakwenda popote. Miji yao iliachwa, wao wapo. Mama aliyekuuzia tamale asubuhi ni Mmaya. Akasema basi yule mama hakuambiwa na mtu yeyote kwamba magofu ni yao, maana yuko nje ya geti na tikiti hana.

Jeanne amekuja tena. Simu ya Benita haipatikani, ujumbe hauendi. Nikamwambia réseau ya Kilwa ni mbaya, kila mtu anajua. Nilimwambia nikimtazama machoni. Wala sauti haikutetemeka.

Jumatatu, 5 Februari

Wamehamishwa kuelekea kaskazini. Utalii umekwisha. Sauti yake iko chini, nyuma watu wanakohoa.

"Madame, ku barabara kuko basoda bengi, kila bus banaisimamisha. Banasema kesho tutapita na bateau, kandokando ya bahari. Nilibaambia siyue kuogelea, banacheka. Muniombee. Mama musimuambie kitu."

Nimeomba. Mimi ambaye rozari yangu ina vumbi.

Ijumaa, 9 Februari

Hakuna kitu. Ninaandika ujumbe, kinatokea kitiki kimoja, yaani haujamfikia. Naandika tena, kitiki kimoja.

Nilikwenda kwa Ruphin. Alikuwa anakula samosa na hakuacha kula. Kimya ni kitu cha kawaida, anasema. Huko njiani wananyang'anywa simu. Mtu anapotea miezi, halafu unamwona kwenye picha amesimama kwenye theluji. Nikamuuliza jina la mwenye mashua. Akafuta mikono.

"Madame, kazi yenu ni kufundisha. Ya kutafuta bantu haiko yenu. Na kama mukianza kusema sana, darasa lote litaanguka, na baile wenye beko njiani sasa njo batakufwa kwanza."

Amesema taratibu, kwa heshima, akanisindikiza mpaka mlangoni. Jumatatu darasa linaendelea. Nitasema naumwa.

Jumatano, 14 Februari

Mashua imezama Mweru.

Redio imesema asubuhi. Ilitoka kisiwani na akina mama wa samaki, mizigo kupita kiasi, upepo. Wengine wameokolewa, wengine hawajapatikana. Karibu na Kilwa.

Nilisikia kilio cha Jeanne kabla redio haijamaliza. Niliruka kwenda kwake na kanga ya kulalia. Ameketi chini, simu mkononi, anapiga namba ya Benita, anapiga tena. "Aliniambiaka atavuka ku kisiwa," anasema. "Madame, aliniambiaka." Sijui kama Benita alisema hivyo kweli au Jeanne anajiongezea. Mtu akiogopa anakumbuka hata ambayo hayakusemwa.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilisema, "Jeanne, sikia —" na Stanislas akaingia na watu wa kanisa, mikono juu, wimbo umeshaanza. Stanislas ni kaka yake, mkubwa wa familia, mtu wa sauti nene. Akauliza Madame anataka kusema nini. Watu wote wakanigeukia. Nikasema tusubiri habari.

Tusubiri habari! Mimi nina habari.

Usiku huu silali. Kesho asubuhi namwambia, peke yetu, jikoni kwake. Kiapo kife. Benita akinichukia, anichukie akiwa hai.

Alhamisi, 15 Februari

Nimekuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jeanne ameondoka alfajiri. Gari la samaki lilikuwa linarudi Kilwa tupu, dereva ni mtu wa kanisani kwao, akampakia mbele. Na miguu ile!

Simu yake imezimwa au haina chaji. Nimepiga mpaka yangu ikaisha.

Ningegonga jana baada ya watu kuondoka. Ni mlango tu, hatua chache kutoka wangu. Nilisema kesho kwa sababu niliogopa, si kwa sababu nyingine.

Jumapili, 18 Februari

Stanislas amepigiwa simu kutoka Kilwa. Wamempata.

Nilisikia kelele uani, nikajua haiwezi kuwa yeye, na hata hivyo nilitoka mbio kama ni kweli. Wanawake wanajibwaga chini. Stanislas anaeleza huku analia: maji yamemharibu uso, lakini Jeanne amemtambua kwa kitenge. Kijani chenye ndege. Na nywele, amesuka vilevile. Jeanne amemwosha kwa mikono yake mwenyewe. Anamleta nyumbani.

Nimerudi kwangu nikafunga mlango. Nikavuta lile begi chini ya kitanda. Kitenge kipo. Kimekunjwa, bado kina harufu ya duka. Nilikaa nacho sakafuni muda mrefu. Nusu ya wanawake wa Katanga wana kitenge hiki, kiliuzwa kila soko mwaka jana.

Ningetoka nacho pale uani? Niseme tazameni, huyo si Benita? Wataniuliza Benita yuko wapi. Niseme sijui, nilimfundisha namna ya kuondoka, nikamficha mama yake ukweli, na mara ya mwisho alikuwa anapanda mashua? Kuna vijana wa mtaa pale, wameshaanza kunywa. Mwaka jana, kwenye matanga ya mtaa wa pili, walichoma nyumba ya bibi mmoja kwa maneno machache kuliko hayo.

Naogopa. Hiyo ndiyo sababu, nisiipambe.

Jumanne, 20 Februari

Jeanne amefika. Jeneza lilikuja ndani ya gari la samaki, katikati ya barafu. Maji yalikuwa yanadondoka nyuma ya gari barabara nzima. Limepelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha maiti.

Jeanne alishushwa garini kama mzigo. Alinikumbatia kuliko alivyowakumbatia ndugu zake. Ananuka samaki na tope.

Jumatano, 21 Februari

Turubai limefungwa uani, viti vimekuja, kwaya imekuja. Mazishi ni kesho mchana.

Stanislas ameniita pembeni. Familia imeamua mimi ndiye niandike biographie ya marehemu na kuisoma kesho kabla ya jeneza kutoka. Ni heshima. Nilimfundisha, Kifaransa changu ni kizuri, sauti yangu inasikika. Kila maiti wa mtaa huu anasomewa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alibatizwa lini, aliacha nani, alikufa vipi. Bila hiyo watu wanasema mmemfukia kama mbwa. Nikasema nitaandika. Ulimi wenyewe ndio uliosema.

Nimejaribu. Nimeandika jina lake, nikachana karatasi. Nimeandika tena.

Na kuna wazo limenijia leo nikiwa napika uji wa watu wa matanga. Nitaliandika ili nione uchafu wake. Wazo lenyewe ni hili: labda nyamaza tu. Kitiki bado ni kimoja. Kama Benita amezama kule, hakuna gari la samaki litakalomleta. Jeanne hatakuwa na kaburi. Sasa amepata la kuzika, mwache azike.

Halafu nikakumbuka kwamba yule aliyeko kwenye jeneza ana mama yake. Nilichochea uji mpaka ukaungua.

Alhamisi, 22 Februari

Asubuhi. Maiti imeletwa. Jeneza limefungwa, limewekwa chini ya turubai, juu picha ya Benita ya siku ya diplôme. Kwaya inaimba. Biographie sina. Nina mistari miwili.

Saa sita imepita. Niandike haraka.

Mwanamke ameingia uani wakati wa wimbo. Mnyonge, mrefu, viatu vya plastiki, matope mekundu mpaka magotini. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaweka kiganja juu. Kwaya ikanyamaza yenyewe.

Anaitwa Mwenya. Ametoka Kilwa, amekuja juu ya magunia ya samaki. Binti yake Kapya alikuwa kwenye ile mashua. Alipofika ziwani kumtafuta, wavuvi walimwambia maiti ya kitenge cha kijani imechukuliwa na mama wa Lubumbashi.

"Siko nagombana na mutu," alisema. "Mutoto wangu eko na alama ya moto ku muguu wa kushoto, aliungua na mafuta ya samaki wakati alikuwa mudogo. Mufungue, tutaona. Kama haiko, nitaenda."

Stanislas alisema jeneza halifunguliwi, mtoto ameharibika, ni dharau. Vijana wakaanza. Mwizi wa maiti. Mlozi. Ametumwa na nani? Mmoja alishika kiti.

Mimi nilikuwa namtazama Jeanne kwenye mkeka. Ulipotajwa mguu wa kushoto, Jeanne aliinamisha kichwa, akashika mguu wake mwenyewe. Ni yeye aliyeosha ile maiti. Aliona. Tangu Kilwa anajua! Nilidhani siri ninayo peke yangu, kumbe tuko wawili, kila mmoja na nusu yake.

Nikasimama, nikamshika Mwenya mkono, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba huyu mama amechanganyikiwa kwa msiba, nampeleka kwangu anywe maji, nipeni saa moja. Vijana walinipisha. Walikuwa wanafunzi wangu, baadhi yao. Stanislas akasema sawa, Madame, lakini rudi na biographie.

Yuko hapa. Amekunywa maji. Chakula hakutaka. Ameona karatasi mezani akauliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akafikiri, akasema kwao Kilwa kwenye mazishi ya watu wa samaki hakuna wa kusoma. Nikachukua karatasi mpya.

"Sema. Nitaandika."

Anasema polepole. Kapya alizaliwa kisiwani, wakati wa mvua, ndani ya nyumba ya wavuvi. Shule aliacha darasa la sita, baba alikufa. Alijua kukausha samaki bila kuwaachia funza. Alikuwa na mtoto wa kiume anayeanza kutembea. Alipenda kucheka kanisani wakati mbaya. Kitenge alinunuliwa na mchumba wake siku ya Noeli. Alikuwa bado hajaolewa. Nimeandika yote, pamoja na kucheka.

Mlango wa nyuma umefunguka. Jeanne. Peke yake, bila viatu, miguu imevimba kama magogo. Amewaacha watu wote chini ya turubai. Nilidhani atamrukia Mwenya. Ameketi kwenye kiti cha tatu, ambacho kimezoea miguu yake. Amesema:

"Soma ile umeandika."

Nimesoma. Mwenya alikuwa anatikisa kichwa kila mstari, ndiyo, ndiyo. Jeanne hakutikisika. Nilipofika kwenye mtoto anayeanza kutembea, alijifunika uso na kitenge chake, kile cha ndege. Halafu akasema na Mwenya, si na mimi, kwamba aliona ile alama. Aliiosha, akaiona, akaosha tena akidhani ni tope. Alimwambia dereva weka barafu twende. Hakutaka kurudi na mikono mitupu. Mwenya amesogeza glasi ya maji upande wa Jeanne.

Nami nimesema. Yote. Darasa, kofia, mlango wangu wa nyuma, picha, mashua. Nimevuta begi, nimeliweka mezani. Nilingoja kofi. Jeanne amegusa zipu ya begi, hakuifungua. Ameniomba nimsikilizishe ile sauti ya mwisho. Amesikia Benita akisema mama musimuambie kitu. Ameomba nirudishe, amesikia tena.

Huko nje Stanislas anaita. Madame Hortense, padri anangoja, gari linangoja. Mara ya pili. Mtu anagonga geti.

Jeanne ananitazama ninavyoandika. Anadhani bado ni biographie.

"Ile ya Kapya utaisoma," amesema. "Nitasimama na weye, hata kama banatupiga. Sasa ya wangu. Ya wangu utaandika nini?"

Nimeandika: Benita alizaliwa Lubumbashi. Alisoma vizuri. Hajui kuogelea. Au niandike hakujua? Jeanne anangoja, kalamu iko juu ya lile neno, na geti linagongwa tena.